Msaada wa kisheria wa bure kwa wanawake waliofukuzwa kazi Arusha na Moshi: mzuri, ila hesabu siku zako

Mwanamke anayekata maua Usa River, anayetandika vitanda hotelini mjini Arusha au anayechambua kahawa Moshi akiambiwa "usije kesho" kwa sababu tumbo limeanza kuonekana, ana milango mitatu ya kugonga kabla hajafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, ile ambayo kila mtu anaiita CMA. Wa kwanza ni tawi la chama cha wafanyakazi, kama lipo. Wa pili ni wakili wa kulipwa, kama fedha ipo. Wa tatu ni msaidizi wa kisheria: yule anayekaa kwenye chumba cha ofisi ya kata, kwenye asasi ya wanawake, au anayekuja na daftari lake kikao cha kikoba cha Jumapili. Hapa tunaupima huo wa tatu, kwa sababu ndio pekee usiouliza kadi ya uanachama wala pochi.

Tuseme mapema tunavyouona. Kwa ushauri wa siku ya kwanza tungeupa alama 4 kati ya 5. Kwa ufuatiliaji wa shauri baada ya hapo, 2, na hiyo ya pili ni ya huruma. Watu hawaangushwi na ujinga wa sheria wa hao wasaidizi, maana wengi wanaijua vizuri. Wanaangushwa na kalenda.

Bei kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria rasmi, ikataka watoa huduma wasajiliwe na huduma yenyewe iwe bure kwa asiye na uwezo. Kwa hiyo akikuomba "ya soda", "ya kufungulia faili" au "ya kumwona bosi wangu", hapo si mahali pake. Gharama yako halali ni nauli, fotokopi na muda. Muulize pia, bila aibu, amesajiliwa chini ya asasi gani. Anayefanya kazi hii kwa haki hakasiriki akiulizwa. Moshi kuna KWIECO, asasi ya wanawake wa Kilimanjaro iliyoanza mwaka 1987, ambayo jina lake wanawake wa Uchagani wanalijua zaidi kwa mashauri ya ndoa, mirathi na ardhi. Arusha kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1989, na kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo huzunguka mikoani. Ni nzuri kwa anayehitaji kuelekezwa, lakini msafara unaondoka na shauri la kazi halimaliziki kwa siku za msafara. Usiwe unausubiri huku siku zako zinayeyuka.

Sasa hiyo kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi ambao haujaishia kufukuzwa, ina siku 60. Siku ya tukio haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa, na Jumamosi na Jumapili za katikati zote zimo. Siku ya mwisho ikidondokea wikiendi au sikukuu ndipo unasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Aliyeachishwa tarehe 10 Juni mwisho wake ni tarehe 10 Julai. Iandike nyuma ya kadi ya kliniki ikibidi.

Siku hizo zinapotelea wapi? Mara nyingi kwenye upole. Wiki ya kwanza mama anarudi getini kumwomba supavaiza amwonee huruma. Wiki ya pili anaambiwa HR yuko safari. Wiki ya tatu anakwenda kwa mtendaji wa kata, mtendaji anaandika barua ya wito, mwajiri haji, inaandikwa nyingine. Mtendaji hana nia mbaya, ila barua yake haisimamishi siku 30 hata kidogo, na hana mamlaka ya kuamua shauri la ajira. Msaidizi wa kisheria mzuri atakuambia hivyo dakika ya kwanza. Asiye mzuri atakuandikia barua ya tatu ya wito, kwa karatasi yenye nembo nzuri zaidi. Hiki ndicho kipimo chetu kikubwa cha dawati lolote la msaada wa kisheria: swali lake la kwanza ni lipi? Akianza na "uliachishwa tarehe ngapi?" kaa. Akianza na "hebu tuongee na bosi wako kwanza", kubali aongee, lakini fomu ijazwe wiki hiyohiyo.

Ukishachelewa bado kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, na unatakiwa ueleze kwa nini umechelewa siku zote hizo. Cheti cha kulazwa hospitali ya Mount Meru au Mawenzi kina uzito. "Nilikuwa nawasubiri wanirudishe" kwa kawaida hakina.

Kwenye sheria yenyewe huduma hii inang'aa, na hapa tunasifu bila kubana. Wasaidizi wengi wanaijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa vidole, na wanaieleza kwa Kiswahili cha mtaani bila kumtisha mtu kwa vifungu. Mama akitoka hapo anajua likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, na kwamba mwajiri anawajibika kuitoa kwa uzazi mara 4. Anajua inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, na kwamba asirudi kazini kabla ya wiki 6 baada ya kujifungua mpaka daktari aseme yuko sawa. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, sheria inampa siku 84 nyingine. Marekebisho yaliyopita bungeni mwanzoni mwa mwaka 2025 yamemuongezea mama wa mtoto njiti muda hadi zitimie wiki 40 za ujauzito, na si kila dawati limeshaipata hiyo. Uliza.

Kuna pia kipengele ambacho kinabadilisha mashauri mengi: mwajiri kukataa kumpokea mama anayerudi kutoka likizo ya uzazi, sheria inakuita huko kuachishwa kazi. Haihitaji barua. Mlinzi akikuzuia getini kwa sababu "nafasi yako imeshajazwa", siku 30 zinaanza hapo getini. Wanawake wengi hukaa nyumbani wakisubiri barua ya kufukuzwa ambayo haitakuja, kwa sababu anayewafukuza anajua kuandika ni kujifunga.

Wenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, ugonjwa wa mashamba na mahoteli yetu, wanaambiwa mkataba "umeisha tu". Mkataba uliohuishwa mara kwa mara ukakoma ghafla mwezi ambao mimba imejulikana, unaweza kubishaniwa kuwa mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki ya kuendelea, na kutohuishwa kukahesabika kuachishwa. Ila hapa ushahidi ni ile mikataba ya nyuma. Mmoja hautoshi. Njoo nayo yote, hata iliyolowa maji ya dawa.

Na aliye chini ya miezi 6 kazini? Dawati lisilo makini litamwambia hana haki yoyote. Ni nusu kweli: kinga ya kutoachishwa isivyo halali haimhusu, lakini katazo la ubaguzi linamhusu tangu siku anayoomba kazi. Mimba, jinsia na hali ya ndoa zimetajwa kwa majina kwenye kifungu cha 7, na unyanyasaji wa kijinsia kazini unahesabiwa humohumo kuwa ubaguzi. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi zenye kueleweka, mzigo unamwangukia mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Shauri lake linajazwa kwa jina la ubaguzi. Ukilipeleka kama la kufukuzwa isivyo halali, linakufa mlangoni.

Siku ya kwanza ya kwenda dawatini, beba nakala hizi: kadi ya kliniki yenye tarehe ya makadirio, mikataba yote, karatasi za mshahara au meseji za malipo kwenye simu, kitambulisho cha kazi na namba ya NSSF. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usivunjike moyo. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni jukumu la mwajiri, na asipoweza kuyatoa kwenye shauri, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai lilikuwepo. Picha ya sare yenye nembo, ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, sauti ya supavaiza kwenye WhatsApp, vyote vichukue kabla hujatolewa kwenye grupu. Hilo la kutolewa kwenye grupu huwa la haraka kuliko barua.

Fomu namba 1 ya CMA ndiyo moyo wa kila kitu, na ndipo ubora wa dawati moja na jingine unapoachana. Makosa manne tunayaona yakirudi. La kwanza ni jina la mwajiri: bango la getini linasema hivi, kampuni iliyosajiliwa inaitwa vile. Jina la kuandika ni lile la kwenye mkataba au karatasi ya mshahara, maana tuzo, yaani uamuzi wa CMA, dhidi ya jina la bango hukosa wa kuilipa. La pili ni tarehe ya mgogoro, ambayo wengine wanaandika siku waliyokwenda dawatini. La tatu ni kuchanganya: sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, na kuweka alama kwenye kila kisanduku "ili tusikose" kunafungua mlango wa pingamizi. La nne ndilo linalouma zaidi. Usichokidai kwenye fomu ni vigumu mno kukipata baadaye, kwa sababu fomu hiyo inachukuliwa kama hati ya madai yenyewe. Basi andika fidia, na pembeni andika kila kimoja kwa kiasi chake: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyokuwa hujachukua, siku za likizo ya uzazi ambazo hazikulipwa, notisi ya siku 28 kwa wa mshahara wa mwezi, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika kwa aliyefikisha miezi 12 (mwisho miaka 10), na cheti cha utumishi. Hicho cha mwisho hakigharimu kitu na kila mtu anakisahau.

Kisha fomu inapelekwa kwa mwajiri kabla ya kuwasilishwa CMA, na uwe na uthibitisho kwamba ameipokea: saini, muhuri au stakabadhi ya posta. Getini wakikataa kusaini, nenda na shahidi. Madawati mengi yanamtuma mama mwenyewe, mjamzito, akasimame getini kwa aliyemfukuza. Sheria haikatazi, lakini kwetu ni uzembe. Asasi yenye pikipiki na kijana wa kupeleka barua inastahili alama zaidi kwa hilo peke yake. CMA yenyewe haitozi ada ya kufungua shauri, na ina ofisi Arusha na Moshi.

Siku nyingine 30, za usuluhishi, zinapoanza, fika. Mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika msuluhishi anaweza kuliamua. Sheria inakuruhusu uwakilishwe na kiongozi wa chama chako, wakili, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Ulizia mapema dawati lina nani wa kusimama nawe, maana hapa ndipo ile alama yetu ya 2 ilipotoka. Wengi wa wasaidizi ni wa kujitolea: wana bustani zao, duka, watoto. Anakujazia fomu Machi, Aprili simu haipatikani, Mei mwingine ameshika daftari na faili halionekani. Dawa yake ni ndogo: ondoka kila mara na nakala yako ya kila karatasi, usiache halisi.

Kwa masuala ya kuombwa ngono ili upate zamu, mkataba au kupandishwa, dawati la kata si mwisho wa safari. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na anayepokea taarifa hiyo ni TAKUKURU. Kushikwashikwa na kutishwa kunapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Huko kote hakuzuii kufungua CMA, na msaidizi anayekuambia uchague kimoja anakupunguzia haki.

Upande ambao hausifiwi vya kutosha ni ule wa vikobani. Dakika 20 kabla ya hisa kuhesabiwa, msaidizi anasimama na kufundisha jambo moja. Somo bora tunalolijua ni la barua ya mimba: mjulishe mwajiri kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, ambatanisha cheti cha hospitali, peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Wanawake huogopa barua hii wakidhani inaharakisha kufukuzwa. Kinyume chake: asiyeiandika ndiye ambaye mwajiri atasema "hatukujua ana mimba". Mwenye nakala yenye muhuri amelifunga hilo dirisha. La pili ni zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi: mjamzito hapangiwi katika miezi 2 ya mwisho, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, wala mama katika miezi 2 baada ya kujifungua. Wahudumu wa hoteli wanalihitaji hili kuliko mtu yeyote.

La kunyonyesha linafundishwa vibaya. Sheria inasema mama aruhusiwe kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku, na lile neno "usiozidi" ndilo supavaiza analolishika akatoa nusu saa. Sheria haisemi zigawanywe vipi. Kwa anayeishi karibu, kama Tengeru kwenda shamba la jirani, mara mbili saa moja moja kunafaa. Kwa anayepanda daladala mbili kutoka Kwa Mrombo, kutoka kazini mapema kwa saa 2 ndiyo njia pekee yenye maana. Makubaliano yaandikwe, ya mdomo yanakufa supavaiza akihamishwa.

Kama kazini kwako kuna chama, anzia huko, na dawati libaki la akiba. Mashambani ni TPAWU, mahotelini na majumbani ni CHODAWU. Mahali penye wanachama zaidi ya 100 sheria inataka angalau wawakilishi 5 wa chama wawe wa kuwakilisha wanawake. Wahesabu. Kwenye tawi lenye wanaume watupu kwenye meza ya mazungumzo, chumba cha kunyonyeshea, malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa na choo cha kubadilishia pedi grinihausi huwa mambo ya "mengineyo", na mengineyo yanafikiwa saa ya chakula. Wafanyakazi wa ndani hawana hata hiyo meza. Kwao msaidizi wa kisheria wa kata ndiye kila kitu, na ndio wanaomfikia kwa uchache zaidi, kwa sababu siku ya mapumziko haipo.

Jambo la mwisho la kuangalia ni suluhu. Mashauri mengi yanaishia kwenye makubaliano ya fedha, na dawati linayapenda kwa kuwa linafunga faili na kuripoti "limekamilika". Kabla hujasaini, soma kama yanataja jumla kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kila awamu ya malipo, akaunti au namba ya simu inakoingia, nini kitatokea awamu moja ikirukwa, na cheti cha utumishi kitatolewa siku gani. Usisaini sentensi ya "sina madai mengine" kabla awamu ya mwisho haijaingia. Mwajiri akinyamaza, makubaliano hayo au tuzo vinapelekwa Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu kwa ajili ya utekelezaji, kwa hiyo muulize msaidizi mapema, siku ile ya kwanza, kama na huko atakwenda nawe au utakuwa peke yako.